Kijiji Chetu Kilitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia na Maisha ya Vijiji vya Tanzania Bara

Majibu haya ni ya watu wa aina tatu. Wa kwanza ni kijana aliyezaliwa kijijini lakini hajawahi kuambiwa kijiji kilianzaje. Wa pili ni mtoto wa mjini anayepajua kwao kwa likizo na misiba tu. Wa tatu ni mtendaji au mjumbe wa kamati aliyeambiwa aandike historia fupi ya kijiji kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, naye akaishia mistari minne. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na kila kimoja kina mkasa wake, ila vingi vinafanana kwa jambo moja: makazi ya leo yalipangwa au kupangwa upya kati ya 1967 na 1976, wakati watu wenyewe na ardhi yao wana historia ndefu kuliko hiyo.

Kijiji chetu kilianza lini hasa?

Ukienda ofisi ya kijiji ukauliza, utaonyeshwa cheti cha kuandikishwa, na mara nyingi kitasoma 1975, 1976 au baada ya hapo. Sababu ni Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975, ambayo ndiyo iliyokipa kijiji hadhi ya kisheria, mipaka na halmashauri. Kiwango kilichowekwa kilikuwa kaya zisizopungua 250. Basi tarehe ya kwenye cheti ni siku ambayo serikali ilikitambua kijiji. Watu walikuwapo tangu zamani.

Kwa hiyo uliza mara tatu. Watu wa kwanza walifika lini katika ardhi hii? Nyumba zilikusanywa lini mahali hapa zilipo? Kijiji kiliandikishwa lini? Majibu yanaweza kutofautiana kwa miaka mia. Na vijiji vingi vya leo vimezaliwa kwa kumegwa: kitongoji kilikua, kikaomba kuwa kijiji, kikapewa namba yake. Hapo historia yako itarudi kwenye kijiji mama.

Kabla ya hapo watu waliishije?

Kwa namna nyingi. Usukumani kaya zilitawanyika, kila moja katikati ya mashamba na malisho yake. Ugogo watu waliishi katika tembe, nyumba ndefu za paa bapa la udongo, mifugo ikilala uani. Wachagga na Wahaya waliishi ndani ya migomba, kihamba au kibanja (shamba la nyumbani) kikipakana na kingine, kiasi kwamba mgeni asingejua kijiji kimoja kinaishia wapi. Kwa Wanyakyusa vijana wa rika moja walikuwa wakijenga kijiji chao wenyewe, mbali na cha baba zao. Sehemu za kusini, vita vya Wangoni vya karne ya 19 viliwafanya watu wengine wakimbilie milimani au wajikusanye mahali penye ngome.

Ukoloni nao ulihamisha watu, jambo ambalo wengi husahau wanapodhani kuhamishwa kulianza na Ujamaa. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1897 pamoja na maakida na majumbe wa kuikusanya. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliacha maeneo makubwa ya kusini bila watu. Waingereza wakahamisha vijiji vizima kwa sababu ya malale, wakavikusanya kwenye makazi yaliyofyekwa mapori ya mbung'o. Baadhi ya ardhi tunayoiona leo kama pori la akiba ilikuwa na makaburi na mashamba.

Je, ni kweli watu walihamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini?

Ndiyo, katika sehemu nyingi. Lakini haikuanza hivyo, na anayeandika historia ya kijiji aonyeshe hatua zote.

Desemba 1962, akihutubia kama Rais mpya wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliwasihi wakulima waishi pamoja ili huduma ziwafikie. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 alitoa andiko la "Ujamaa Vijijini" mwezi Septemba mwaka huohuo, na humo alisisitiza hiari. Tayari kulikuwa na watu walioanza kwa hiari yao: pale Litowa, Songea, wakulima walikuwa wakilima pamoja na kuendesha shule yao chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Chama hicho kilivunjwa na serikali Septemba 1969. Wengi wanaosimulia Ujamaa huliruka jambo hilo, nami naona ni kosa, kwa sababu linaonyesha hiari ilianza kubanwa mapema.

Zikafuata operesheni za mikoa. Rufiji watu waliondolewa bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Dodoma ikafuata kuanzia 1970, Kigoma 1972. Ismani, Iringa, uchungu ulifikia damu: tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, baada ya mzozo shambani. Kisha tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini si hiari tena. Ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 tu walihesabiwa katika vijiji vya ujamaa. Kufikia katikati ya 1976 hesabu ya serikali ilikuwa takriban milioni 13.

Mwendo huo haukuwezekana bila malori, mgambo na, mahali pengine, moto kwenye mapaa ili mtu asirudi. Watu walishushwa penye vigingi na kuambiwa "hapa ndipo kwako", wengine mvua ikiwa karibu. Wengine hawakuhama hata hatua moja: Kilimanjaro na Bukoba, ambako watu walishajazana, mara nyingi ilichorwa mipaka tu, na vitongoji vikaitwa kijiji. Usichukue masimulizi ya wilaya moja ukayavisha nchi nzima.

Operesheni ilileta faida au hasara?

Vyote viwili, na wazee wenyewe watakuambia hivyo kwa pumzi moja. Shule, zahanati na kisima vilisogea. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 usingefika mbali kama watoto wangebaki wametawanyika. Mabibi waliojifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na vikundi vilivyokaa kuzunguka redio mwaka 1973 kusikiliza "Mtu ni Afya" kisha wakaenda kuchimba vyoo, ni matunda ya watu kukaa karibu.

Kwa upande wa pili, mashamba yalibaki mbali na nyumba. Ng'ombe wengi mahali pamoja walikwangua malisho, kuni zikawa safari. Mfano mkubwa ni korosho za Mtwara na Lindi: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, ila mikorosho mingi ilibaki peke yake kule wenyewe walikohamishwa, ikazidiwa na vichaka na moto.

Mahame ni nini, na nitayatambuaje?

Mahame ni mahali palipokuwa na makazi, watu wakahama. Kwa historia ya kijiji hakuna shule bora kuliko hapo, na ningemshauri kila mtu aanzie huko kabla ya kufungua karatasi yoyote.

Nenda na mzee aliyezaliwa hapo, asubuhi kabla ya jua kali. Kwanza utaona miti: miembe miwili mitatu mikubwa isiyo na mpandaji porini, au mstari wa minyaa uliokuwa ua wa boma na sasa umekuwa miti mirefu. Katani iliyopandwa kuonyesha mpaka bado inachipua. Angalia chini. Mwinuko wa udongo mwekundu ni ukuta ulioanguka. Mafiga yanaweza kuwa bado yamekaa matatu. Jiwe la kusagia lililolika katikati limelala kifudifudi, kwa sababu mwenye nyumba aliliacha kwa uzito wake, lori likiwa linasubiri. Penye udongo mweusi laini, ambapo mahindi ya anayelima sasa yamestawi kupita ya jirani, palikuwa zizi. Pembeni, mara nyingi upande wa magharibi au chini ya mti ambao hakuna aliyethubutu kuukata, kuna makaburi yenye mawe tu.

Mwache mzee atembee mbele. Akisimama, simama. Atataja majirani kwa mpangilio wa nyumba, mmoja baada ya mwingine, majina ambayo asingeyakumbuka mkiwa mmekaa kwenye kiti. Andika kila jina na uchore ramani hapohapo, hata kama ni ya kalamu.

Familia yetu inaweza kudai mahame ya babu?

Swali hili huleta ugomvi, kwa hiyo jibu lianze na sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inathibitisha kuwa halali ugawaji wa ardhi uliofanywa chini ya Operesheni Vijiji kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Maana yake, aliyegawiwa shamba wakati ule hawezi kuondolewa kwa hoja tu kwamba babu yako alilima hapo kabla. Kabla ya sheria hiyo kesi zilijaa mahakamani, hasa kaskazini. Katika kesi ya Lohay Akonaay ya 1994, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikapinga sheria ya 1992 iliyojaribu kuzifuta haki hizo.

Lakini si mahame yote yaligawiwa mtu mwingine. Mengine yalibaki matupu, na familia zilirudi kimyakimya kuanzia miaka ya 1980. Kama una mgogoro, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Nenda na mashahidi wanaozijua alama, usiende na hasira.

Nani anaongoza kijiji? Mwenyekiti, mtendaji au balozi?

Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ndiye katibu wa vikao na mtunza nyaraka. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, pamoja na wenyeviti wa vitongoji. Balozi wa nyumba kumi alianza enzi za TANU katika miaka ya 1960 na ni kiongozi wa chama, ingawa vijijini watu bado humwendea kwa ugomvi wa ndoa na kuku walioingia shambani.

Machifu walifutiwa mamlaka ya kiserikali mwaka 1963. Heshima haikufutwa kwa sheria hiyo. Katika vijiji vingi mwenye ukoo wa kwanza bado ndiye anayeombwa kufungua tambiko au kuonyesha kaburi la kale.

Mkutano mkuu wa kijiji una nguvu kweli?

Kisheria una nguvu kuliko kiongozi yeyote wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila ridhaa yake. Kijiji ambacho mkutano wake hauitishwi mwaka mzima kimenyang'anywa kitu chake cha thamani, na wakazi wana kila haki ya kuudai.

Kwa mwandishi wa historia, muhtasari wa mikutano hii ni hazina. Humo utakuta lini kisima kilikauka, nani alitoa eneo la shule, na kwa nini njia ya ng'ombe ilihamishwa.

Sungusungu walitoka wapi?

Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi kuwa mbali. Wanavijiji waliunda ulinzi wao wenyewe, wakitumia yowe, pinde na mishale. Baadaye serikali iliutambua na mtindo ukaenea nchini. Uliza kijijini kwenu waliingia lini na nani alikuwa kamanda wa kwanza. Uliza pia kama kuna waliodhulumiwa, hasa wanawake vikongwe waliotuhumiwa uchawi.

Kazi za pamoja zimekufa?

Zimebadilika sura. Msaragambo wa milimani kaskazini bado unachimba barabara na kusafisha mifereji. Mifongo (mifereji) ya Uchagani na ndiva za Upare, yale mabwawa ya kukusanya maji ya usiku kwa ajili ya umwagiliaji wa mchana, zina zamu na wazee wa mfereji hadi leo, na atakayekosa zamu hutozwa faini. Usukumani, ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa kwa ajili ya kiangazi, zilikaribia kutoweka kisha zikafufuliwa kwa wingi kuanzia 1986 chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga). Hizi ni taasisi za kijiji sawasawa na halmashauri, na zina umri mkubwa zaidi.

Lakini mahali pa kuuona umoja wa kijiji ni msibani. Yowe linapopigwa, jembe linaachwa shambani. Wanaume wanakwenda kuchimba kaburi, wanawake wanafika na kuni, maji na unga. Pembeni ya uwanja kijana mwenye mwandiko mzuri ameketi na daftari, anaandika jina, kitongoji na mchango. Daftari hilo hutunzwa na familia, kwa sababu siku ya msiba wa mwenzao watalifungua kuona alileta nini. Ukitaka kujua nani ni jirani wa nani, nani alihama, nani amesusa nani, madaftari hayo ya misiba ya miaka thelathini yatakueleza. Omba ruhusa kwanza.

Naanzaje kuwahoji wazee?

Pitia kwa mwenyekiti ujitambulishe, hata kama ni kwenu. Kisha nenda mwenyewe, si kwa simu. "Shikamoo bibi", ukae, uulize habari za nyumbani na za shamba, unywe uji ukikaribishwa. Siku ya kwanza usitoe kalamu. Jitambulishe kwa ukoo: mimi mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Baada ya hapo mzee anajua akusimulie kuanzia wapi.

Wahoji wanawake bila waume na shemeji zao kuwapo. Bibi aliyeolewa kijijini ana historia mbili, ya alikotoka na ya alikofikia, na anajua maji yalichotwa wapi kila miaka kumi. Wahoji pia wafugaji na waliokuja baadaye, wale wanaoitwa wakuja hata kama wamekaa miaka arobaini. Kijiji kinachoandikwa na ukoo mmoja kinakuwa historia ya ukoo.

Wazee hawakumbuki miaka. Nifanyeje?

Wanakumbuka, ila kwa kalenda nyingine. Uliza: ulikuwa umefikia kimo gani bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961? Ulikuwa umeolewa wakati wa Operesheni? Mtoto huyu alizaliwa kabla au baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979? Miaka ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mlikuwa mnaishi wapi? Mvua za elinino za 1997 na 1998 zilibomoa nini? Kwa Wamaasai uliza rika: Seuri, Makaa, Landisi au Korianga. Ugogo bado husimuliwa njaa ya Mtunya ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo wazee wa leo waliisikia kwa babu zao. Panga matukio kwanza. Miaka itajipanga yenyewe.

Wazee wawili wakipingana niandike ya nani?

Andika ya wote wawili, na useme kila mmoja alikuwa wapi na alikuwa na umri gani. Mara nyingi kupingana kwao kuna maana: mmoja alipata shamba zuri, mwingine alipoteza.

Nyaraka zinapatikana wapi?

Anzia karibu. Shule ya msingi kongwe ina kitabu cha kumbukumbu cha mwalimu mkuu na daftari la uandikishaji lenye majina ya wazazi na vitongoji. Parokia ina madaftari ya ubatizo na ndoa ambayo mara nyingi yanarudi nyuma kuliko kumbukumbu za serikali, na misikiti ya zamani ina wazee wanaojua nasaba za walimu wa madrasa. Wilayani uliza ramani za uwiano wa 1:50,000. Matoleo ya kabla ya 1974 huonyesha nyumba zilivyotawanyika, pamoja na majina ya mahali yaliyokwisha kusahaulika. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina Vitabu vya Wilaya vya enzi ya Waingereza, vyenye orodha za machifu, mila na njaa kama maofisa walivyozielewa. Visome kwa tahadhari, kwa kuwa ofisa aliandika alichoambiwa na aliyetaka kuwa chifu.

Mambo ya aibu yaandikwe?

Utumwa, tuhuma za uchawi, nani aliwaongoza mgambo kwenye nyumba ya nani: yote ni historia ya kijiji. Yaandikwe kwa tukio na sababu zake. Majina ya watu binafsi ambao watoto wao bado wanaishi pale yaachwe mpaka familia ziridhie. Asili ya utumwa hasa inaweza kumharibia binti ndoa kesho kutwa, na hakuna ukurasa wenye thamani hiyo.

Tukimaliza kuandika, tuiweke wapi?

Kwanza isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajenda yake iwekwe mapema ili wazee wafike. Watu wasahihishe hapohapo, na masahihisho yaingie kwenye muhtasari. Baada ya hapo chapisheni nakala tatu au zaidi: ofisi ya kijiji, shule ya msingi, na angalau familia moja yenye nyumba isiyovuja. Sauti mlizorekodi kwenye simu zihamishiwe kwenye kifaa kingine, maana simu hupotea. Nakala ya shule ikabidhiwe kwa maandishi na iingizwe kwenye daftari la mali za shule, kwa kuwa walimu wakuu huhamishwa na makabati hufunguliwa na wageni.